Kabla hujashusha giaboksi, umepima? Hotuba kwa madereva na mafundi, Tabata

Wengi hamkuweza kufika Jumapili, wengine mlikuwa barabarani mnatafuta hesabu ya bosi, wengine mvua iliwafungia ndani, kwahiyo naiweka hapa yote kama nilivyoiongea. Nimetoa tu sehemu watu walipoanza kubishana Toyota na Nissan, maana ile ingekula kurasa tano.

Wazee wangu, mafundi mliotutangulia kwenye hii kazi, shikamooni. Madereva, dada zangu mliokuja na magari yenu, vijana wa gereji, habari za mchana. Poleni na jua, najua hili turubai halitoshi.

Naanza na swali. Nani humu ameshawahi kuambiwa na fundi, "bosi hapa giaboksi imekufa, tafuta nyingine"? Nyoosheni mikono. Eeh bana. Sasa msishushe, bakini hivyohivyo. Kabla hujaambiwa imekufa, nani alimwona yule fundi akichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akaiangalia oili, akainusa, akahesabu inachukua sekunde ngapi gia kuingia? Kama hukumwona shusha mkono.

Haya, mikono mitatu. Wengine wote mmenunua giaboksi ya mtumba kwa maneno ya mtu aliyeendesha gari yako mita hamsini kwenda na kurudi, akatikisa kichwa. Mmelipa hela ya giaboksi, hela ya kushusha na kupandisha, na wengine nawajua humuhumu mmefunga ile nyingine na tatizo likabaki palepale. Sasa mi nimekuja na swali moja tu, nitalirudia mpaka mnichoke: kabla hujashusha, umepima?

Tuelewane kwanza hii kitu inafanyaje kazi, fupi tu. Kwenye manyuo we mwenyewe ndo unakanyaga klachi na kuhamisha gia. Kwenye oto kazi hiyo inafanywa na oili. Kuna pampu inazungushwa na injini, inasukuma oili kwa presha, hiyo presha inapita kwenye valvu bodi ambayo ni kama sahani ya aluminiamu yenye njia nyingi, kuna solenoidi zinafungua na kufunga hizo njia kwa amri ya kompyuta, na mwisho wa njia kuna klachi ndogondogo zinabanwa, hii ikibanwa unapata gia ya kwanza, ile ikibanwa unapata ya tatu. Mbele kabisa kuna toki konvata, ndo inayounganisha injini na giaboksi kwa njia ya oili, na ukishakimbia kidogo kuna klachi ndani yake inajifunga ili mafuta yasipotee bure.

Kwahiyo tatizo lolote la oto litakuwa sehemu tatu tu. Ama oili na presha yake, ama umeme unaotoa amri, ama vyuma na klachi zenyewe. Na gharama inapanda kwa mpangilio huohuo niliowatajia. Oili bei ya chini, umeme wa kati, vyuma ndo kilio. Sasa niambieni mafundi wenzangu, kwanini wengi wetu tunaanzia kwenye kilio?

Tuanze na oili. Kuna dada mmoja alileta Honda Fit, imechoka, ukikanyaga injini inalia gari haivuti, halafu inashika ghafla. Alishaambiwa giaboksi kwisha. Nikamuuliza, dada, hii hali imeanza lini? Akasema imeanza baada ya sevisi. Hapo tu masikio yangu yakasimama. Sevisi alifanyiwa na kijana ambaye maisha yake yote ameshika IST na Vitz za zamani. Sasa Toyota zile zenye dipstiki unapima oili injini ikiwa inawaka, gari imepata moto, imesimama sehemu tambarare, unapeleka gia kutoka P mpaka L unarudisha P, unachomoa, unasoma kwenye alama ya HOT. Honda wao kitabu chao kinasema ipate moto, halafu zima injini, upime ndani ya sekunde 60 mpaka 90. Mnaona tofauti? Yule kijana kapima Honda inawaka, kwa vile sehemu ya oili iko juu inazunguka dipstiki ikamwonyesha pungufu, akaongeza. Akapima tena bado, akaongeza. Oili ilivyozidi ikaanza kukorogwa na vyuma vinavyozunguka, ikatoa povu, na povu haliwezi kubana klachi. Tulichofanya ni kupunguza oili mpaka kwenye alama. Hatukufungua hata nati moja ya ziada. Dada akaondoka na Fit yake.

Kabla hujashusha, umepima? Na umepima kwa njia ya gari hiyo, au kwa njia ya gari uliyozoea?

Halafu kuna aina ya oili. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo tunaua magari mengi. Wengi mnaita haidroliki, unaenda dukani unasema nipe haidroliki, muuzaji anakupa yoyote nyekundu. Ndugu zangu, nyekundu ni rangi tu wamepaka ili ikivuja uijue. Toyota za miaka ile zinataka Type T-IV, zilizofuata zinataka WS, Nissan wana Matic D, J na S, Honda wana yao, Mitsubishi wana SP-III, na CVT, zile oto za mkanda badala ya gia, ni ukoo mwingine kabisa, Nissan NS-2 na NS-3, Toyota CVT TC na CVT FE, Honda Fit zile za mwanzo zenye CVT wana HMMF. Hizi herufi hawakuandika kupamba kopo. Oili ya giaboksi ina kazi mbili zinazogombana, inatakiwa ilainishe vyuma visisagane, na hapohapo iache klachi zishikane zisiteleze. Hicho kipimo cha kuteleza na kushika kila kampuni ina chake.

Niwape kisa mtakachokumbuka. Marekani miaka ya nyuma hiyo oili ya giaboksi za oto ilikuwa inawekwa mafuta ya nyangumi. Ndiyo, nyangumi yule wa baharini, msicheke. Mafuta ya nyangumi aina ya spemu yalikuwa yanasaidia klachi kushika taratibu bila kushtua, na yanavumilia joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali yao ikapiga marufuku kwa sababu nyangumi walikuwa wanaisha. Wenye viwanda wakahangaika kutafuta mbadala, na baadhi ya mbadala wa mwanzo zikaleta balaa, zikawa zinakula vipoza oili ndani ya rediata, magari yakaanza kuharibika giaboksi. Chuma ni kilekile, kiwanda ni kilekile, kilichobadilika ni kitu kidogo ndani ya oili. Sasa wewe unaweka oili yoyote nyekundu kwenye Premio ya CVT halafu unasema Mjapani ameanza kutengeneza magari mabovu?

Rangi na harufu. Chukua tishu nyeupe, dondoshea matone mawili. Ikiwa nyekundu safi sawa. Ikiwa ya kahawia imechoka, badilisha. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo klachi zimeshaungua, oili mpya haitafufua kitu. Na usitishike ukikuta ya kijani kwenye baadhi ya CVT, hiyo ndo rangi yake. Lakini ukikuta ya pinki, nzito, kama mtindi wa stroberi, simamisha gari hapohapo, zima, usiiendeshe tena. Hayo ni maji. Yanatoka wapi? Oili ya giaboksi kwenye magari mengi inaenda kupoozwa ndani ya rediata, chini kule, imepita kwenye kijibomba kilichozungukwa na maji ya injini. Kijibomba kikitoboka vinachanganyika. Na kwanini kinatoboka? Kwa sababu kulenti, ile dawa ya kupozea injini, tunaona ghali tunajaza maji ya kisima, na maji ya visima vya Dar mnayajua wenyewe yalivyo na chumvi. Unaokoa hela ya kopo la kulenti, unalipa giaboksi, maana maji yakikaa mle yanabandua ile karatasi ya klachi iliyogandishwa kwa gundi. Ukiwahi siku ileile kuna matumaini, badilisha rediata, safisha mfumo mzima. Ukiendesha wiki, tutazungumza mengine.

Kuna swali najua linakuja, acha nilijibu mapema. "Fundi, wanasema giaboksi ikishafika kilomita nyingi bila kubadilishwa oili, ukibadilisha inakufa." Hapana, haifi kwa oili mpya. Ilikuwa imeshakufa, mabaki ya klachi yaliyoelea kwenye ile oili chafu ndo yalikuwa yanasaidia kushikashika. Ushauri wangu, kama oili ni ya kahawia na gari haitelezi, mwaga kawaida kwa nati ya chini, weka mpya, endesha, rudia baadaye. Ukimwaga mara moja hutoi yote, nyingi inabaki kwenye toki konvata, ndo maana unarudia. Zile mashine za kusukuma oili kwa nguvu kwenye giaboksi iliyochoka mimi sizipendi, nasema wazi. Na kama tayari inateleza na oili nyeusi, usimdanganye mteja kwamba sevisi itaponya.

Tusogee. Oili iko sawa, kiwango sawa, bado gari inasumbua. Sasa unatumia saa na mshale wa mzunguko wa injini, vyote unavyo bure. Kipimo cha kwanza, gari imepata moto, handbreki juu, mguu kwenye breki, sailensa imetulia, yaani injini inazunguka taratibu bila kukanyaga mafuta. Toa N weka D, hesabu mpaka usikie ule mshtuko mdogo wa gia kuingia. Toyota kwenye vitabu vyao wanasema isizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R isizidi 1.5. Fanya mara tatu, uache kama dakika moja katikati, chukua wastani. Ikichelewa kote, mbele na nyuma, fikiria presha ndogo, filta imeziba au pampu imechoka. Ikichelewa D tu, fikiria klachi ya mbele. Ikichelewa R tu, klachi au breki ya rivasi. Mnaona umeshapunguza nyumba ya kutafuta mwizi kabla hujashika spana?

Kipimo cha pili kinahitaji akili timamu, wala vijana msiende kufanya sifa. Weka vizuizi kwenye matairi, handbreki juu, breki mpaka mwisho kwa mguu wa kushoto, asisimame mtu mbele wala nyuma, weka D, kanyaga mafuta mpaka chini, angalia mzunguko unaishia wapi, achia. Isizidi sekunde tano. Tano! Ukizidisha unachemsha oili mwenyewe halafu utakuja kuniambia nilikufundisha vibaya. Linganisha na namba ya gari hiyo kwenye kitabu chake. Ukipanda juu sana kwenye D na R, presha ni ndogo au klachi zinateleza. Ukiwa chini sana, aidha injini haina nguvu, au ndani ya toki konvata kuna kitu kimeachia. Mwenye CVT nakuomba uache hiki kipimo kwa mtu mwenye kitabu cha gari lako mkononi.

Kuna mzee alikuja na Prado ya miaka ya 90, imetokea Bagamoyo. Mzee ananiambia, mwanangu, ikianza inaanza vizuri, ya kwanza sawa, ya pili sawa, ikitaka kwenda ya tatu injini inapiga kelele gari inakaa, na rivasi inasukuma kama inaomba ruhusa. Gereji mbili zimeshamwambia anunue giaboksi. Sasa tulieni tufikiri pamoja. Hiyo Prado ina giaboksi ya familia ya A340. Kwenye familia hiyo kuna klachi moja inaitwa C2. Gia ya kwanza haiitumii. Ya pili haiitumii. Ya tatu inaitumia. Ya nne inaitumia. Na rivasi? Inaitumia. Kwahiyo dalili za mzee zote zinanyoosha kidole sehemu moja, kabla hata hujalala chini ya gari.

Lakini je, umeme? Labda kompyuta ndo inachanganya amri? Toyota wana kipimo kizuri sana cha hilo na sijui kwanini hatukitumii. Chomoa ile plagi ya waya za solenoidi kwenye giaboksi. Sasa kompyuta haina kauli tena, gia zinafuata mkono wako tu, kwenye A340 ukiweka L unapata ya kwanza, ukiweka 2 unapata ya tatu, ukiweka D unapata ya nne, R inabaki R. Endesha taratibu. Kama ukichomoa kila gia inashika vizuri, basi vyuma ni vizima, kaa na umeme. Kama bado inateleza, umeme umesafishwa, ugonjwa uko ndani. Ya mzee, L ilivuta kama ng'ombe mpya, 2 ikateleza, D ikateleza, R ikateleza. Sasa hapo ndo tukashusha. Nasema tukashusha, maana kuna watu wananisikia kama napinga kushusha, sipingi, napinga kushusha kwa hisia. Tukafungua, mipira ya pistoni ya C2 imekauka imekuwa migumu, sahani zake zimeungua, zingine zote nzima. Tukaweka sahani na mipira, tukafunga. Giaboksi yake mwenyewe, anayoijua historia yake, badala ya ya mtumba ambayo hujui ilitoka kwenye gari iliyopinduka au iliyozama maji.

Sasa nakuja kwenye kitu kinachoniuma zaidi, yale magari ambayo giaboksi haina kosa kabisa. Mafundi mnaonisikiliza, hapa chukueni kalamu.

RAV4 za 2001 mpaka 2003, zile za mwili wa pili, ziko nyingi tu humu mjini. Kule Marekani zilianza kugonga zikichenji gia, wenye magari wakabadilishiwa giaboksi, na kuna waliobadilishiwa ikagonga tena mpya. Ugonjwa ulikuwa kwenye kompyuta ya injini, ndani yake kulikuwa na viunganishi vimepasuka, inatuma amri mbovu kwa solenoidi, gia zinagonga, na ukiendelea kuendesha hivyo giaboksi nzima inaharibika kweli. Toyota wenyewe wakaja kuongeza waranti ya hiyo kompyuta mpaka miaka 10 au maili 150,000. Jiulize sasa, kama kwa wenzetu wenye mashine zote watu walibadilisha giaboksi ikabaki kugonga, fundi maiko, yule wa kubahatisha, chini ya mwembe na spana namba 14 anapata wapi ujasiri wa kusema imekufa bila kupima?

Kingine. Mama mmoja gari yake imegoma kutoka P kwenye parkingi, mkono wa gia hausogei. Fundi wa kwanza anamwambia giaboksi imejifunga, ishushwe. Imejifunga! Ndugu zangu, gari hizi haziruhusu gia kutoka P mpaka kompyuta ione umekanyaga breki, na inajuaje umekanyaga breki? Kwa swichi ileile ya taa za breki. Nikamwambia mama kanyaga breki, nikaenda nyuma, taa haziwaki. Fyuzi ya taa za breki imeungua. Mkanunue fyuzi, mwaijua bei ya fyuzi. Na pale pembeni ya mkono wa gia kuna kitundu kimeandikwa shift lock, ukibonyeza unaweza kutoa gia upeleke gari gereji mwenyewe. Sasa yule aliyetaka kushusha alikuwa mwizi au hajui? Mi sijui, ila hasara kwa mama ilikuwa ni ileile.

Mauntingi, vile vishikio vya injini. Ikikatika moja ukiweka D unasikia "du!", ukiweka R "du!", mteja anasema giaboksi inagonga. Fungua boneti, mtu akanyage breki aweke D kisha R, angalia injini inarukaje. Hiyo ni dakika moja.

Plagi na koili, zile za kuwasha moto ndani ya injini. Hapa hata mafundi wazuri wanadanganyika. Gari iko kwenye kilomita 60 mpaka 80 kwa saa, umekanyaga mafuta kidogo, inatetemeka kama inapita kwenye rasta. Inaweza kuwa klachi ya ndani ya toki konvata inateleza ikijifunga, inaweza kuwa koili ya moto inaruka. Unatofautishaje? Barabara ikiwa wazi, nyuma hakuna mtu, endelea kushika mafuta palepale halafu gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa. Ukigusa, kompyuta inaachia ile klachi ya konvata na utaona mshale wa mzunguko unapanda kidogo. Kama mtetemo umeisha ghafla, angalia konvata na oili. Kama mtetemo upo palepale, nenda kwenye plagi na koili. Bure kabisa.

Na hizi mashine za kupimia. Siku hizi kila mtu ana kile kidude cha bluutuuthi anachomeka anasoma kwenye simu. Vizuri, ila msome mnachosoma. Ukiona namba ya kosa P0700, hiyo haikuambii ugonjwa, ni kompyuta ya giaboksi imemwambia mwenzake wa injini, "washa taa, maelezo yako kwangu." Sasa lazima uingie kwenye giaboksi yenyewe usome ya pili, na hivyo vidude vya bei rahisi vingi haviingii huko. P0720 ni sensa ya kasi ya kutoka, inaweza kuwa sensa au waya umeliwa na panya. P0741 ni klachi ya konvata haijifungi. P0730 ni kwamba gia iliyoamriwa na gia iliyopatikana haziendani, hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi. Na hata P0750, ambayo inataja solenoidi, usiikimbilie solenoidi, pima kwanza waya na plagi yake, kuna kutu, kuna waya zimechunika. Namba inakuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe.

Wenye CVT mmenivumilia, najua. Hii haina gia za kuchenji, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Kwahiyo usitegemee dalili za kuteleza gia ya pili. Dalili zake ni mvumo unaoongezeka na mwendo, kutetemeka ukianza kuondoka, na kukosa nguvu ikipata joto. Kuna jamaa ana X-Trail ya CVT, kila akienda Iringa akifika Kitonga gari inakufa nguvu, anakanyaga mpaka chini inapanda kama imebeba kontena, akipumzika juu nusu saa inakuwa nzima mpaka Mafinga. Akabadilisha pampu ya mafuta, akabadilisha filta ya mafuta, akasafisha nozeli. Kila kitu cha mafuta. Hakuna aliyemuuliza joto la oili ya CVT ni ngapi pale mlimani. Ile gari ina ulinzi, oili ikipata joto kupita kiasi kompyuta inapunguza nguvu ya injini ili kuokoa mkanda. Oili ilikuwa haijawahi kuguswa tangu gari itoke bandarini, na njia ya kupoza imejaa uchafu. Wala asijione peke yake, Nissan kule Marekani waliongeza waranti ya CVT za magari yao ya 2003 mpaka 2010 zikafika miaka 10 au maili 120,000, kampuni haitoi hela hiyo bila sababu. Kwenye CVT ukimwaga oili angalia sumaku zilizo kwenye sampu, lile bakuli la oili la chini, ungaunga wa kijivu laini ni kawaida, ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hapo mkanda au puli zimeanza kuliwa, mwambie mwenye gari ukweli.

Kwa wanaonunua gari mkononi kwa mtu, jambo moja. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ya moto, rudi kesho yake. Giaboksi nyingi zilizokauka mipira zinachelewa kushika asubuhi zikiwa za baridi, zikipata moto zinakuwa malaika, na nyingine ni kinyume, baridi malaika, moto shetani. Kwahiyo iendeshe ikiwa baridi na uiendeshe mpaka ipate moto kwenye foleni. Muuzaji akikuharakisha, umeshapata jibu.

Niwaombe kitu madereva. Mkienda kwa fundi msiseme "giaboksi mbovu". Sema inafanya nini, kwenye gia gani, ikiwa baridi au moto, mlima au tambarare, ilianza baada ya nini. Na ukiambiwa imekufa, muulize kwa heshima, fundi samahani, umepima nini? Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha. Akikasirika, chukua funguo yako.

Mi nimemaliza ya kuongea. Nimeona nje kuna IST ya bluu mwenyewe anasema rivasi inachelewa, na imeshapata moto imetoka Kimara. Njooni wote tuizunguke. Wewe kijana mwenye simu fungua saa ya kuhesabu, mwenye gari kaa ndani, handbreki juu, mguu kwenye breki, na nyie wa mbele tokeni mbele ya gari. Nani ana tishu?